Daftari la Mjomba

Siku niliyoanza kazi ya ukatibu wa mbunge sikupewa barua ya ajira wala mkataba. Nilipewa kaunta buku moja nene yenye jalada jeusi, kalamu mbili za wino wa buluu, na agizo fupi: kila ahadi itakayotoka kinywani mwake niiandike, pamoja na jina la kijiji, tarehe, na jina la mtu aliyeomba. Kwa kweli siku hiyo mbunge mwenyewe hakuwa mbunge bado. Ilikuwa Agosti 2015, alikuwa ameshinda kura za maoni za chama chetu siku chache zilizopita, kampeni rasmi zilikuwa zinakaribia kufunguliwa, na tulikuwa tumebanana watu saba ndani ya gari la kuazima la watu watano, tukiupanda uwanda wa Makonde kwa barabara ya vumbi.

Sitamtaja jina. Wanaomjua watamjua, na wasiomjua hawatapungukiwa na kitu.

Mimi nilikuwa mwalimu wa sekondari, somo la Kiswahili na la Historia, na nilimfahamu kwa sababu alisoma na kaka yangu mkubwa. Nilimwita Kaka, naye aliniita Mwalimu. Alikuwa ameishi Dar es Salaam zaidi ya miaka kumi na mitano, alikuwa na kazi nzuri, na alirudi nyumbani akiwa na sauti nzito, kumbukumbu ya kutisha ya majina ya watu, na imani ya dhati kwamba jimbo letu lilikuwa limeonewa. Nasisitiza neno dhati, kwa sababu wengi wanaposikia habari za mwanasiasa aliyebadilika hudhani kwamba alikuwa mwongo tangu mwanzo na kwamba sisi tuliokuwa karibu naye tulipumbazwa. Nilikaa naye gari moja kwa miezi mitatu, nikalala naye chumba kimoja kwenye nyumba za wageni zisizo na maji, na nilimsikia akizungumza usiku wa manane juu ya zahanati zisizo na dari wakati hakukuwa na mpiga kura wa kumsikia isipokuwa mimi, ambaye kura yangu alikuwa nayo tayari.

Mwaka ule kila mwanachama mwenye kadi aliruhusiwa kupiga kura ya maoni katika tawi lake. Kwa hiyo mtia nia hakuweza kujifungia hotelini na viongozi wachache akatoka mshindi. Ilimbidi aende tawi kwa tawi, aketi kwenye mkeka, aulizwe ukoo wake, ale alichopikiwa. Hapo ndipo jina la Mjomba lilipoanzia. Kwetu kusini, miongoni mwa Wamakonde, Wamakua na Wayao, ukoo kwa desturi hufuata upande wa mama, na mjomba si ndugu wa kupigiwa simu siku ya Idi tu. Ndiye ambaye kwa mila za wazee alikuwa na kauli juu ya watoto wa dada yake, juu ya ndoa zao na ugomvi wao, na mzigo wao ukizidi ulimwangukia yeye. Mama yake mgombea wetu alitoka katika ukoo mkubwa, hivyo katika vijiji vingi kulikuwa na watu waliokuwa na haki ya kumwita mjomba, na wasiokuwa na haki hiyo wakaiga. Wapambe waliotoka Dar es Salaam walidhani ni neno la mapenzi, wakalichapisha kwenye fulana. Mimi niliyezaliwa kule nilijua kwamba watu walikuwa wanamfunga kamba.

Kufikia siku ya uchaguzi, tarehe 25 Oktoba, daftari lilikuwa na ahadi 214. Nyingine zilikuwa za maana, kama vile kusimamia mradi wa maji, maana uwanda wetu ni mkavu na katika vijiji kadhaa kina mama hushuka bondeni kwa saa nzima kutafuta ndoo moja. Nyingine zilikuwa za kuchekesha: seti ya jezi za rangi ya zambarau, spika ya msikiti, kiatu cha kulia cha mzee aliyebaki na cha kushoto. Hiyo ya kiatu aliitimiza siku hiyohiyo kwa kumpa jozi yake mwenyewe, akaendelea na mkutano akiwa amevaa kandambili, na nadhani ndiyo ahadi iliyompa kura nyingi kuliko zote.

Ahadi namba 37 ilikuwa ya mabati 60. Wanakijiji walikuwa wamefyatua matofali na kujenga kuta za zahanati kwa nguvu zao, kuta zikasimama misimu miwili bila paa, na mvua ilikuwa imeanza kuzila. Aliyesimama kuomba ni bibi mmoja mwembamba mwenye kanga mbili, ambaye hakutumia kipaza sauti. Alisema, “Mjomba, umesema mbele za watu. Huyo kijana wako ameandika?” Akajibiwa kwamba nimeandika. Bibi akanijia, akainama juu ya daftari, akatazama ukurasa kwa muda mrefu. Baadaye niligundua kwamba hakujua kusoma. Alitaka tu kuona kama wino upo.

Tulishinda. Wasiojua kazi hii hudhani kwamba ofisi ya mbunge ni mahali pa sera na mipango, na mimi pia nilidhani hivyo. Ofisi yetu ilikuwa vyumba viwili katika jengo la wilaya, na kuanzia saa moja asubuhi benchi la nje lilikuwa limejaa. Watu walileta vyeti vya hospitali, barua za kujiunga na kidato cha tano zenye orodha ya godoro na jembe, kadi za michango ya harusi, na taarifa za misiba. Misiba ilikuwa mingi kuliko mambo mengine yote. Mbunge asiyefika msibani husamehewa mara moja, kwa sharti kwamba rambirambi imfikie mfiwa kabla ya maziko, na mimi ndiye niliyekuwa naipeleka. Nilizika watu wengi nisiowafahamu katika miaka ile, nikiwa nimevaa kanzu au nimeshika kofia mkononi kutegemea dini ya marehemu, nikisimama mahali pake na kusalimia kwa jina lake.

Msomaji atauliza fedha hizo zilitoka wapi. Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009, hauruhusu kumlipia mtu sanda wala ada. Fedha zake hugawanywa kwa majimbo kwa kuzingatia mambo kama idadi ya watu, kiwango cha umaskini na ukubwa wa eneo, hupitia halmashauri, na hutumika kwa miradi ambayo wananchi wenyewe wameianzisha, chini ya kamati ambayo mbunge ndiye mwenyekiti wake. Kwa hiyo sanda na ada zilitoka mfukoni mwake, na mfuko huo ulitoboka mapema. Kuhusu kile ambacho watu hupewa wakati wa kutafuta kura nitasema kwa ufupi tu. Zamani sheria iliruhusu takrima, yaani ukarimu kwa wapiga kura, hadi Mahakama Kuu ilipoifuta mwaka 2006, kisha ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010. Takrima ikafa kama neno. Siku hizi watu hupewa nauli, hata wale waliokuja kwa miguu kutoka nyumba ya pili.

Kulikuwa na kazi nyingine ambayo haimo katika maelezo ya kazi ya katibu yeyote, nayo ni kula. Mheshimiwa alikuwa na vidonda vya tumbo. Katika kijiji cha kwanza huletewa ugali wa muhogo na kuku wa kienyeji, katika cha pili wali na samaki mkavu, katika cha tatu ugali tena, na kila mpishi husimama mlangoni kuangalia sahani. Kukataa ni tusi, kudonoa ni shaka. Tulibuni utaratibu wetu: nilikaa mkono wake wa kulia, yeye alianza kula kwa bashasha, akauliza swali refu kuhusu mashamba, na wakati wazee wanajibu sahani zilibadilishana mahali. Niliongezeka kilo kumi na moja katika muhula ule. Sijawahi kuona katiba ya chama inayotaja huduma hiyo.

Dodoma ilikuwa dunia tofauti. Kule sikuwa katibu wa benchi la nje, nilikuwa mwandishi. Niliandaa maswali ya msingi, ambayo hupelekwa kwa maandishi mapema, na pia maswali ya nyongeza, ambayo yanapaswa kuonekana kama yamezaliwa papo hapo. Nilijifunza kwamba swali zuri la nyongeza lina urefu wa pumzi moja na nusu, kwa kuwa ukizidisha, kiti cha Spika kinakukatisha na waziri anapata nafasi ya kujibu sehemu rahisi na kuacha ngumu. Nilijifunza pia kusoma Taarifa Rasmi za Majadiliano, yaani Hansard, kwa jicho la mfanyabiashara. Katika taarifa hizo neno Makofi huwekwa kwenye mabano kila wajumbe wanaposhangilia, nami nilikuwa nayahesabu mabano hayo kila baada ya hotuba, kama mwenye duka anavyohesabu mauzo ya jioni.

Mwanzoni mwa mwaka 2016 serikali ilitangaza kwamba TBC, shirika la utangazaji la taifa, haitaendelea kurusha vikao vya Bunge moja kwa moja, kwa sababu ya gharama. Mabishano yalikuwa makubwa, na mimi nilikuwa miongoni mwa walioumia, maana mbunge mpya asiyeonekana jimboni na asiyeonekana kwenye runinga ni kama hayupo. Hata hivyo jambo hilo ndilo lililomkuza bosi wangu. Wengine walilalamika, sisi tulianza kutafuta vipande vya picha kwa waandishi, tukavikata kwa simu hadi vikabaki vya dakika moja na nusu, tukavisambaza kwenye makundi ya WhatsApp ya kata zote kabla Bunge halijaahirishwa mchana. Sauti yake ilikuwa inafaa kwa spika ndogo ya simu. Ndani ya mwaka mmoja vipande vile vilikuwa vinasambaa Tunduru, Kilwa na hata Tanga, kwa watu ambao hawakuwa na kura jimboni kwetu. Magazeti yakaanza kumweka katika orodha za vijana wa kutazamwa, na kila ulipovuma uvumi wa mabadiliko ya baraza la mawaziri alikuwa anaoga mapema na kuacha simu mbili zikiwa na chaji kamili.

Siwezi kutaja tarehe ambayo niliacha kumwita Kaka. Najua tu kwamba siku moja nilisikia mdomo wangu ukisema Mheshimiwa tukiwa wawili peke yetu ndani ya gari, naye hakushangaa. Jimboni vilevile, jina la Mjomba lilianza kurudi nyuma, kwanza kwenye utambulisho wa mikutano, kisha kwenye mabango, ambako nafasi yake ilichukuliwa na cheo na jina kamili. Hakuna aliyetoa amri hiyo. Niliyaandika mabango yale mwenyewe.

Na hapa ndipo ninapotaka kuwa mkweli kuliko wapambe wengi wanapokumbuka siku zao. Simulizi zetu huwa na mpangilio mmoja, kwamba mkubwa alilewa madaraka na sisi wadogo tukabaki na dhamiri zetu. Kwangu haikuwa hivyo. Nilipenda kuwa mlango. Nilipenda kuona mkurugenzi, mkandarasi na mwenyekiti wa chama cha msingi cha ushirika wakinipigia simu kwa sauti ya unyenyekevu, wakiniita Katibu, wakiniuliza kama Mheshimiwa ameamka vizuri. Nilijifunza sauti ya kusema “nitamfikishia” kwa namna ambayo msikilizaji anaondoka ameridhika na ujumbe haufiki popote. Siku hizi vijana wa namna hiyo huitwa chawa, nalo ni neno la kejeli, lakini kejeli yenyewe inaonea, kwa sababu chawa hunyonya tu. Sisi tulikuwa tunachagua nani aingie.

Mwaka 2017, mwezi wa Septemba, yule bibi wa mabati alikuja ofisini. Alikuwa ametoka kijijini alfajiri kwa lori la muhogo. Mheshimiwa alikuwepo chumba cha ndani, anakunywa uji na wageni wawili kutoka Dar es Salaam, na mlango ulikuwa umefungwa nusu. Nilimwamkia bibi shikamoo, akaitikia, nikamwambia kwamba Mheshimiwa yuko Dodoma. Sauti yake ilikuwa inasikika kutoka ndani, akicheka. Bibi alisikiliza kicheko kile mpaka kikaisha. Halafu akasema, “Basi akirudi mwambie kwamba nilikuja kumwona mjomba wangu. Mbunge sikuja kumwona.” Nilitoa shilingi elfu tano za nauli. Alizipokea, akafungua fundo la kanga, akatoa noti ya elfu mbili na kuniwekea mezani, akasema kwamba nauli ni elfu tatu.

Mabati sitini si kitu kikubwa. Ombi la kijiji chake lilikuwa limekaa kwenye faili la mfuko wa jimbo kwa miezi ishirini, na kila kikao cha kamati kilipokaribia nilikuwa nalishusha mimi mwenyewe chini ya maombi ya kata zenye wajumbe wenye sauti. Sikumwomba ruhusa Mheshimiwa. Sidhani hata kama alijua.

Mtihani wake mkubwa ulikuja Juni 2018. Korosho ghafi ikiuzwa nje ya nchi ilitozwa ushuru wa asilimia 15 ya thamani yake au dola 160 kwa tani, kutegemea kipi ni kikubwa, na kwa sheria asilimia 65 ya mapato hayo ilipaswa kurudi kuliendeleza zao lenyewe: salfa ya kupambana na ugonjwa wa ubwiriunga, miche, utafiti unaofanywa kituo cha Naliendele, na mambo mengine ambayo bila hayo mkorosho ni mti wa kivuli. Muswada wa Sheria ya Fedha wa mwaka ule ulikusudia kuzipeleka fedha zote Mfuko Mkuu wa Serikali. Kwa jimbo letu hakukuwa na jambo zito kuliko hilo. Wabunge kadhaa wa kusini walilisemea waziwazi, na baadhi walilipa gharama ya kulisema. Nilimwandikia hotuba ya kurasa saba, na nathubutu kusema ilikuwa kazi bora niliyowahi kuifanya, kwa kuwa kwa mara ya kwanza sikuwa natafuta makofi. Niliandika hesabu ya kaya moja yenye ekari nne, kuanzia palizi hadi mnada, nikaonyesha shilingi inapotokea na inapoishia.

Usiku wa kuamkia siku ya kuchangia alirudi mtaani Area D, Dodoma, baada ya saa tano, akakaa kwenye kochi bila kuvua viatu. Hakunieleza alikuwa na nani, nami sikuuliza. Alizisoma kurasa zote saba kwa makini, akanisifu, na nadhani sifa zake zilikuwa za kweli. Kisha akasema, “Mwalimu, hii ya tatu mpaka ya sita tuiweke pembeni kwanza.” Alikuwa hajaniita Mwalimu kwa karibu miaka miwili. Kesho yake alisimama, akashukuru, akazungumzia barabara na umeme vijijini, akaunga mkono hoja. Hansard ilipotoka niliisoma kama kawaida yangu. Mabano ya Makofi yalikuwa sita, zaidi ya hotuba yoyote aliyowahi kuitoa.

Muswada ulipita. Msimu uliofuata ndio ule ambao wakulima waligoma kuuza mnadani, kwa sababu bei zilizotolewa zilikuwa chini mno ya msimu uliotangulia, ambao ulikuwa umevuka shilingi 4,000 kwa kilo, na Novemba 2018 Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua korosho yote kwa shilingi 3,300 na jeshi litaisomba. Timu za uhakiki zikapita vijijini kuwasaka wa kangomba, yaani wale wanaonunua korosho za wakulima wenye shida nje ya mfumo rasmi kwa bei ya kutupa, na wakulima wengi wa halali wakakaa miezi wakisubiri malipo huku shule zinafunguliwa. Tulifanya ziara moja tu katika kipindi hicho. Watu hawakumzomea, kusini watu hawazomei kirahisi. Walikaa kimya, wakapokea salamu, na walipopewa nafasi ya maswali hakuna aliyenyoosha mkono. Katika mkutano ule kaunta buku lilibaki jeupe kwa mara ya kwanza.

Niliondoka Februari 2019, bila ugomvi. Nilimwambia kwamba nataka kurudi kufundisha, akanishika bega, akanipa bahasha ya kuagia ambayo niliipokea. Hakuliulizia daftari, nami nikaondoka nalo. Mabati ya namba 37, naomba ijulikane, yalipatikana: wiki yangu ya mwisho niliiweka karatasi ya ombi lile juu ya faili, na kamati ikalipitisha bila mjadala kwa muda usiozidi dakika mbili. Kuta mbili zilikuwa zimeshaanguka.

Julai 2020, wiki moja kabla ya kura za maoni, kijana mmoja alikuja nyumbani kwangu jioni kwa bodaboda. Ndiye aliyekuwa amechukua nafasi yangu, kijana mwenye adabu, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi vizuri. Safari hii kura za maoni hazikuwa za wanachama wote wa matawi. Walikuwa wanapiga wajumbe wa mkutano wa jimbo, watu mia kadhaa tu, na kura zingehesabiwa mbele yao. Alikuwa anatafuta namba zao za simu. Nilimletea orodha yangu ya zamani pamoja na kaunta buku. Aliipiga picha orodha ukurasa kwa ukurasa, akalifunua daftari mahali pawili patatu, akacheka kwenye habari ya kiatu, akalirudisha mezani na kunishukuru.

Nilikuwa nimeshafunga mlango simu ilipolia. Alikuwa njiani, pikipiki imezimwa, na sauti yake ilikuwa na aibu kidogo. “Samahani, kaka,” alisema, “kesho tuna vijiji vinne na kila mahali wamepika. Bosi hali chochote, na kina mama wanaanza kununa. Wewe ulikuwa unafanyaje?” Nikamweleza akae mkono wa kulia, asubiri swali refu kuhusu mashamba, aanze na mboga kabla ya ugali, na asisahau kuomba maji ya moto mapema kwa sababu tumbo la Mheshimiwa likikorofisha huanza saa nane mchana. Nikamweleza dawa anayoiweka mfuko wa nyuma wa kiti cha dereva. Nikamweleza wapishi wa kijiji gani huangalia sahani na wa kijiji gani huangalia uso. Tulizungumza mpaka salio lake likakatika, nami nikampigia tena.